Nani Aseme "Mimi"?

Riwaya inapowasuta wasomi, uzito wa hukumu yake hutegemea kwanza ni nani aliyepewa kusimulia. Euphrase Kezilahabi alilijaribu jambo hili kwa njia mbili katika muda wa miaka 5. Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji, akamwachia Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, aseme mwenyewe kwa "mimi". Mwaka 1979 alitoa Gamba la Nyoka, na humo vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanasimuliwa na mtu wa pembeni anayewaona wao na wanavijiji kwa pamoja. Mwandishi ni yule yule mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, na wanaochapwa ni tabaka lile lile. Lakini ukimaliza cha kwanza unabaki na mashaka juu ya nafsi yako, na ukimaliza cha pili unabaki na mashaka juu ya nchi.

Nimeuweka mjadala huu Mpanda kwa sababu maalumu. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni nchi ya watu waliohamishwa kwa hoja za wataalamu. Enzi za Waingereza, Wakonongo na Wabende walikusanywa kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji. Mwaka 1973 makazi ya Katumba yalifunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo. Kila mara alitangulia mtu aliyesoma, mwenye karatasi na ramani. Hapa, basi, kuuliza nani anamsimulia nani ni kuuliza habari ya ardhi, ya nyumba na ya makaburi yaliyoachwa nyuma.

Sauti ni tano, na kila moja inabeba msimamo ninaoukuta Mpanda. Mwalimu anafundisha Kiswahili kidato cha 5 na cha 6. Mzee wa Reli ni mstaafu. Bwana Shamba ana shahada yake ya kilimo na pikipiki ya kazi. Ustaadh alisoma Kiarabu Khartoum. Mama wa Katumba ananunua mchele mashambani na kuuza mjini. Pale nitakapoona lazima nitaingia mwenyewe.

MWALIMU: Tuanze na mwanzo wa Kichwamaji. Kazimoto anasubiri ofisini kwa mkuu wa wilaya. Mkuu huyo ni Manase, rafiki yake wa utotoni. Anasubirishwa. Angesimulia mtu mwingine, tungeona msomi mwenye cheo akimdharau msomi asiye na cheo, tukacheka tukaendelea. Lakini anasimulia Kazimoto. Hasira yake tunaipata ikiwa bado moto, na papo hapo tunakuwa upande wake. Huo ndio mtego. Akishatukamata hivyo anatupeleka kijijini kwao, na huko tunaanza kusikia jinsi yeye anavyowatazama wazee na wazazi wake. Dharau aliyofanyiwa ofisini, kumbe naye anayo. Sisi tumo ndani yake tayari, hatuna pa kusimama tumsute bila kujisuta.

MZEE WA RELI: Wewe umo ndani yake, mwanangu. Umesoma kama yeye. Mimi nilipokisoma kitabu hicho sikuwa Kazimoto. Nilikuwa mtu aliyekaa benchi moja naye. Na mtu huyo sikumsikia akisema lake. Kila mtu wa kawaida katika riwaya ile namwona kwa jicho la kijana wa chuo kikuu. Akichoka naye, anaondoka.

MWALIMU: Lakini, baba, ndiyo maana ya—

MZEE WA RELI: Ngoja nimalize, mwalimu. Wewe unalijua benchi kwa kulisoma. Mimi nimelikalia. Katika ofisi moja ya umma, miaka hiyo, nilikaa tangu asubuhi mpaka watu walipokwenda kula. Karani anapita na faili kwapani, kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Kila akipita tunanyanyuka kidogo, nusu kusimama nusu kukaa, tukidhani ni sisi. Hakuna anayetuita. Pembeni yangu mama mmoja amefunga cheti chake cha kliniki kwenye ncha ya kanga, anakifungua, anakitazama, anakifunga tena. Sasa niambie, huyo mama riwaya yake iko wapi?

Hapa Mzee amegusa jambo ambalo wahakiki wa Kiswahili hulipita haraka mno. Tumeandika sana kuhusu falsafa ya Kezilahabi, juu ya maana ya maisha na juu ya ukengeushi wa Kazimoto. Hatujauliza vya kutosha juu ya gharama ya kumkabidhi Kazimoto simulizi nzima. Nafsi ya kwanza hutoa ukaribu kwa kufunga milango mingine yote. Kanga ya yule mama, na fundo lake, haziwezi kuingia Kichwamaji isipokuwa Kazimoto ageuze shingo.

MWALIMU: Nakubali milango imefungwa. Nasema imefungwa kwa makusudi. Hebu tazama habari ya Rukia, dada yake Kazimoto. Manase anampa mimba. Rukia anakufa, na mama yao naye anakufa. Kazimoto anatusimulia haya kama mtu aliyeonewa, na ni kweli ameonewa. Halafu anafikiria kulipiza kisasi kupitia kwa nani? Kwa Sabina, dada yake Manase. Yaani anataka kumfanyia dada wa mwenzake kile kile kilichomuua dada yake. Baadaye anamuoa. Msimulizi hasimami kutuambia kwamba sasa amekuwa Manase. Anaendelea kusimulia, na sisi ndio tunaofanya hesabu. Kisha mtoto mwenye kichwa kikubwa anazaliwa nyumbani kwa Manase, na baadaye msiba kama huo unaingia kwa Kazimoto. Hukumu imewekwa kwenye msuko wa matukio, haikuwekwa mdomoni mwa msimulizi. Mwandishi anayewasuta wasomi kwa hotuba ni rahisi kumjibu. Huyu utamjibu vipi?

BWANA SHAMBA: Mimi nitamjibu. Nimechoka na riwaya za kuwasuta wasomi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa chuo kamili mwaka 1970, mwaka ule ule Kezilahabi alipohitimu. Miaka 4 tu baadaye tayari msomi ni kichekesho na maiti! Nchi ilikuwa na madaktari wangapi? Mabwana shamba wangapi? Kijana aliyepelekwa Inyonga au Karema akakaa na watu, akapima mbegu, akaugua malaria, akabaki, huyo hakuandikiwa kitabu. Anaandikiwa yule anayelia juu ya maana ya maisha.

USTAADH: Aliyebaki Inyonga hana haja ya kusutwa, bwana shamba. Kejeli inamfuata anayeitwa kwa jina la elimu na hana kazi ya elimu.

BWANA SHAMBA: Basi sikiliza hoja yangu ya pili, ndiyo inayoniuma zaidi. Msomi anayejisuta kwa "mimi" anajisamehe. Anasema, tazameni nilivyo mbaya, nilivyopotea, nilivyo mpweke. Anasema kwa ufundi mkubwa mpaka tunamhurumia. Tukishamhurumia, kesi imekwisha. Waliokufa ni Rukia na mama yake, lakini tunayemlilia ni msimulizi.

Hoja hii ni nzito kuliko zote zilizosemwa mpaka hapa, na nasikitika kwamba sijaikuta imeandikwa vizuri mahali. Kuungama hadharani ni raha yenye hatari. Ziko riwaya nyingi duniani ambamo mwenye elimu anajichapa mgongo mbele ya wasomaji wake, na wasomaji wanatoka wakimpenda zaidi. Lakini Kichwamaji ina kitu kinachoizuia isianguke shimoni humo. Anayesimulia ndiye anayejiua. Hakubaki mtu wa kupokea msamaha. Kila "mimi" tuliyoiegemea tangu ile ofisi ya Manase inageuka kuwa sauti ya mtu aliyekwisha ondoka bila kutuachia jibu, wala faraja, wala njia ya kutokea. Mtu anaweza kuuchukia mwisho huo. Wapo walioulaumu kwa kukata tamaa, hasa katika miaka ambayo fasihi ilitakiwa kujenga taifa. Lakini huwezi kusema kwamba ni mwisho wa mtu aliyejisamehe.

USTAADH: Niruhusuni niwapeleke Misri kidogo, kwa sababu swali hili Waarabu nao wamelihangaikia. Naguib Mahfouz, kabla hajapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi. Mwaka 1966 alitoa riwaya iitwayo Tharthara fawqa al-Nil, yaani porojo juu ya Mto Nile. Mhusika wake mkuu ni Anis Zaki, karani katika Wizara ya Afya. Mwanzoni tu anapeleka ripoti kwa mkuu wake. Mkuu anaifungua. Mistari inaanza vizuri, halafu karatasi ni nyeupe. Kalamu ilikwisha wino, na Anis aliendelea kuandika mpaka mwisho wa ripoti bila kuona, kwa sababu ya bangi.

MZEE WA RELI: Lo! Hiyo nimeipenda. Ripoti nyeupe. Nimeziona nyingi zenye wino ambazo hazikusema zaidi ya hiyo.

USTAADH: Jioni Anis na rafiki zake wanakutana kwenye nyumba inayoelea mtoni. Yumo mwanasheria, yumo mhakiki, mwandishi wa hadithi, mwigizaji wa filamu. Wote wasomi, wanavuta na kuzungumza usiku kucha. Sasa ufundi wake, mwalimu, hauko kwenye "mimi" ya wazi. Kwa sehemu kubwa msimulizi anatumia nafsi ya tatu, lakini anaingia na kutoka kichwani mwa Anis bila kubisha hodi. Uko kwenye mazungumzo ya wale marafiki, ghafla uko na mafarao, uko na wafalme wa zamani, kisha unarudi kwenye kiko. Hujui mawazo yanaanzia wapi na maneno yanaishia wapi. Msomaji naye analewa.

MWALIMU: Na nani anawasuta, kama wote wamelewa?

USTAADH: Hapo ndipo penye ustadi. Anakuja msichana mwandishi wa habari, Samara Bahgat, ana daftari. Ameandika humo sifa za kila mmoja wao, anatayarisha mchezo wa kuigiza. Anis analichukua daftari kwa siri na kulisoma. Ndani ya riwaya kuna maandishi mengine yanayowahukumu wahusika, na mhusika anayasoma. Yeye mwenyewe anajiona jinsi anavyoonekana. Kisha usiku mmoja wanatoka na gari kwa kasi, wanamgonga mtu barabarani, wanakimbia. Porojo yote ya mamia ya usiku inakutana na maiti mmoja. Wanabishana waripoti au wasiripoti. Kitabu kilitoka 1966, na mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Misri ikashindwa vita. Waarabu wengi walikirudia kitabu hicho wakakiona kama onyo.

MZEE WA RELI: Huyo aliyegongwa, ustaadh, alikuwa na jina?

USTAADH: Hapana, mzee.

MZEE WA RELI: Alisema neno?

USTAADH: Hakusema. Yupo mlinzi, Amm Abduh, mzee mwenye nguvu anayeitunza ile nyumba. Anajua kwamba asipozishika kamba itakwenda na maji. Lakini maneno yake ni machache.

MZEE WA RELI: Basi Cairo na Ukerewe ni benchi moja. Msomi analia, msomi analewa, msomi anajiua, na aliyegongwa hana jina. Ndiyo maana mimi nasimama na Gamba la Nyoka. Mle kijiji kinaongea. Mnaniambia Kichwamaji kilitoka mwaka 1974. Mwaka huo huo sisi huku tulitolewa mkoa wa Tabora tukaunganishwa na Sumbawanga, ukazaliwa mkoa wa Rukwa. Mwaka huo huo Katavi ikatangazwa hifadhi ya taifa. Na operesheni ya vijiji ilikuwa imepamba moto. Siku wanakuja kuhamisha watu, alitangulia kijana na ubao wa kuandikia, karatasi imebanwa juu. Anauliza jina, idadi ya watoto, idadi ya mbuzi. Anaandika kwa mwandiko mzuri sana. Bibi mmoja akamwuliza, mjukuu wangu, na muembe je? Kijana akatazama karatasi yake. Hapakuwa na safu ya miembe. Katika Gamba la Nyoka yule bibi yumo. Watu wanakataa kuhama, wanapanga, wanaogopa, wanacheka. Msimulizi anaingia nyumba zote. Haki imetendeka.

MWALIMU: Baba, nimekusikia, na habari ya muembe sitaisahau. Lakini nikuulize kwa heshima. Huyo msimulizi anayeingia nyumba zote ni nani?

MZEE WA RELI: Ni mwandishi.

MWALIMU: Anajua mawazo ya bibi, anajua mawazo ya kijana mwenye karatasi, anajua kitakachotokea kesho. Hakuna anayemwuliza amejuaje. Katika riwaya nzima hakuna mwenye cheo kikubwa kuliko chake. Mkuu wa wilaya mwenyewe hawezi kuingia kila nyumba bila hodi! Mimi naona msimulizi anayejua yote anasimama pale pale aliposimama mtaalamu na ramani yake, juu, akiwatazama watu wote kwa pamoja. Na upinzani wa kijiji, ukiusoma tena, umesimuliwa kwa namna ya kuchekesha. Wanavijiji wanacheka, ndiyo, lakini wanachekwa pia. Kazimoto angalau hajifanyi kujua mawazo ya bibi.

Mzee alinyamaza hapo, na nitakiri kwamba hoja hii ya Mwalimu ndiyo iliyonifanya nitake kuuandika mjadala wenyewe. Darasani tumezoea kufundisha nafsi ya tatu kuwa ni usimulizi wa haki, usioegemea upande, na nafsi ya kwanza kuwa ni finyu. Mpanda inatuonyesha upande wa pili. Aliye juu ya wote akiona vyote ndiye watu wa huku walimjua kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, na hawakumfurahia. Hata hivyo sikubali kwamba Gamba la Nyoka inaangukia hapo moja kwa moja. Kicheko cha kijiji katika riwaya ile kina meno. Mambosasa na Mamboleo wanapimwa kwa matendo yao mbele ya watu waliowakusudia mema, na kipimo chenyewe kinashikwa na watu hao. Hicho Kazimoto hakutupa.

MAMA WA KATUMBA: Mimi nasikia "mimi", nasikia "yeye". Hakuna hata mmoja wenu aliyesema "sisi".

MWALIMU: Endelea, mama.

MAMA WA KATUMBA: Nimezaliwa Katumba. Wazazi wangu walitoka Burundi baada ya mauaji ya 1972. Mwanaanthropolojia mmoja, Liisa Malkki, alikuja Mishamo katikati ya miaka ya 1980 kufanya utafiti, akakaa na wazee, akawasikiliza. Kitabu chake kilitoka Chicago mwaka 1995. Humo ameweka simulizi za wazee vipande virefu virefu, kama walivyozisema. Na wazee wale walisimulia kwa "sisi". Tulikuwa, tukafanyiwa, tukakimbia, tukafika. Walisimulia hata juu ya wasomi, kwa sababu mwaka ule 1972 waliotafutwa kwanza ni waliosoma, walimu na wanafunzi. Kwetu msomi hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa marehemu.

BWANA SHAMBA: Asante, mama.

MAMA WA KATUMBA: Usinishukuru upesi. Msomi mwingine ndiye aliyekuja na fomu. Tulihesabiwa, tukapewa viwanja vilivyonyooka, tukapewa kibali cha kutoka na kibali cha kurudi. Baadaye tukaomba uraia, na watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakaupata. Kila hatua hiyo imeandikwa na mtu aliyesema "wao". Ndiyo nasema, hii "sisi" mmeisahau.

USTAADH: Na hiyo "sisi" haimfichi mtu, mama?

MAMA WA KATUMBA: Inamficha. Malkki huyo huyo alikwenda Kigoma mjini, kwa watu wetu waliokataa kambi wakachanganyika na wenyeji. Wale hawakusimulia kwa "sisi" ile ya Mishamo. Kila mmoja alitaka aachwe na maisha yake. Kwa hiyo "sisi" yetu ilikuwa na ukuta. Aliyetoka nje yake hakuhesabiwa. Sisemi ni dawa. Nasema kwamba wasomi wenu wa Kezilahabi, na yule karani wa Misri, wanasutwa na nafsi moja au na mtu wa pembeni. Wangesutwa na kijiji kizima kikisema kwa pamoja, kitabu kingekuwa kingine.

Baada ya maneno haya niliurudia mfano ambao watu wengi hawaufikirii kwa upande wa usimulizi. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alimweka msomi kizimbani. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kuwafundisha watu uanasheria. Angeweza kujitetea kwa "mimi". Badala yake, kwa siku 6, anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa kwenda pande zote wakatafute faida kwa ajili ya nchi, wakarudi nayo, wakaadhibiwa. Utetezi wake wote ni hadithi za watu wengine. Na wanaosutwa ni wakubwa wa baraza, wajuzi wa nchi, wanaolazimika kuketi kimya kila siku wasikilize upumbavu wao wenyewe ukisomwa mbele yao. Kezilahabi alikijua kitabu hicho kwa undani, kwa kuwa tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Nadhani alikikataa kwa kujua. Karama ni mwema mno. Elimu yake haina doa, na riwaya nzima inamtegemea awe hivyo. Miaka 23 baadaye, nchi ikiwa huru na ofisi zikiwa na wenyewe, Kezilahabi hakuweza kumwamini tena msomi kiasi hicho. Akamtoa kizimbani kama shahidi, akamrudisha kama mshtakiwa anayejisomea mashtaka.

MWALIMU: Na hakuishia hapo. Katika Nagona ya mwaka 1990 anarudi kwenye "mimi", safari hii mtu asiye na jina, anayetangatanga katika mji wa ajabu akikutana hata na Plato, Hegel na Nietzsche. Wanafunzi wangu wanaikimbia. Lakini ukiisoma baada ya Kichwamaji unaona anaendelea na kazi ile ile. Sasa wanaohojiwa ni wasomi wa dunia nzima.

MZEE WA RELI: Na bado benchi halijasema.

MWALIMU: Halijasema. Ndiyo maana nina zoezi. Nitawapa wanafunzi wangu ule mwanzo wa ofisi ya Manase, wauandike upya. Msimulizi awe mtu anayesubiri pamoja na Kazimoto. Asiwe mpumbavu na asiwe mtakatifu. Ana shida yake, cheti chake kiko kwenye ncha ya kanga, na amkute kijana huyu wa chuo kikuu anayepumua kwa hasira kwa sababu amesubirishwa saa chache. Tuone Kazimoto anaonekanaje kutoka hapo.

BWANA SHAMBA: Zoezi zuri. Nami nitaandika, ila si hilo. Nitaandika ya Manase.

MZEE WA RELI: Ya nini! Manase ana ofisi, ana gari, ana mlango wa kufunga. Sasa apewe na riwaya?

BWANA SHAMBA: Ndiyo, mzee wangu. Kazimoto amesema "mimi". Kijiji kimesimuliwa. Mama anataka "sisi", na ana haki. Lakini katika vitabu hivi vyote tulivyovitaja, mtu aliye ndani ya ofisi, mlango umefungwa na watu wako nje, hajawahi kusema "mimi". Hatujui anafanya nini mle ndani. Analala? Anaogopa? Ana barua kutoka mkoani inayomtaka atimize jambo asiloweza? Mnamsuta bila kumsikia. Mimi nimekaa upande ule wa mlango. Najua kuna siku nimechelewa kuufungua kwa sababu sikuwa na la kuwaambia waliokuwa nje.

USTAADH: Mahfouz alilikaribia hilo kwa Anis.

BWANA SHAMBA: Anis ni karani. Nataka mkubwa wake, aliyeifungua ile ripoti nyeupe.

Nilimtazamia Mzee apinge tena. Kwa upande wangu naona Bwana Shamba ameona mbali kuliko sisi sote. Kejeli dhidi ya mwenye madaraka huwa na nguvu pale anapoachiwa ajieleze kwa kirefu, kwa lugha yake, kwa hoja zake bora kabisa, bila msimulizi kumkatiza. Riwaya ya namna hiyo kwa Kiswahili, ikimhusu ofisa msomi wa wilaya, ikiandikwa na mtu anayezijua barua za mkoani na anayezijua nyuso za benchini, ningeipanga foleni kuinunua. Ingekuwa na hatari ile ile aliyoitaja yeye mwenyewe, ya kuungama na kujisamehe. Hatari hiyo haiondolewi kwa kumnyima mtu nafsi ya kwanza. Inaondolewa na msuko wa matukio, kama Mwalimu alivyotuonyesha kwa habari ya Sabina.

MZEE WA RELI: Sawa. Mwandikie Manase. Ila nina masharti mawili. Dirisha la ofisi yake liwe wazi, asikie tunayosema nje. Na yule mama mwenye kanga, siku hiyo, aingie.

BWANA SHAMBA: Akiingia atasema nini?

MZEE WA RELI: Hilo usiniulize mimi. Wala usimtungie. Kamuulize mama huyu hapa wa Katumba, ndiye aliyejaza fomu.

MAMA WA KATUMBA: Njoo Jumamosi, si leo. Leo nina gunia sita za kupakia.